"-ME-" YA KISWAHILI NA "HAVE" YA KIINGEREZA

Katika shule zetu za serikali masomo ya msingi hufundishwa kwa Kiswahili, na ya sekondari kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza huingia darasani akiwa na sarufi ya Kiswahili kichwani, naye hudhani kwamba kila penye "-me-" hapana budi pawe na "have". Kosa hili halikai katika somo la Kiingereza peke yake. Huingia katika majibu ya Historia na Bayolojia, na hata katika barua za kuomba kazi. Basi yafaa tulichunguze.

Tuanze na lile tulijualo. Hapa Baray mkulima wa vitunguu angojaye zamu yake ya maji akiambiwa, "Maji yamefika," huchukua jembe akaenda shambani, maana maji yapo. Akiambiwa, "Maji yalifika," huuliza, "Lini? Na sasa yako wapi?" Kiingereza nacho kina tofauti hiyo. "The water has arrived" ni habari ya sasa: jambo limetendeka na matokeo yake yapo. "The water arrived at six o'clock" ni habari ya saa iliyokwisha kupita, nayo imetajwa.

Mpaka hapo lugha hizi mbili zaenda pamoja. Lakini huachana mahali patatu.

Kwanza, Mswahili aweza kusema, "Nimekuja jana," wala hakuna atakayemcheka. Mwingereza hasemi "I have come yesterday". Husema "I came yesterday". Ukitaja wakati uliokwisha, kama "yesterday", "last week", "two days ago" au "in 1961", acha "have". Hivyo katika Historia andika, "Tanganyika became independent on 9 December 1961," wala si "has become".

Pili, "-me-" mara nyingi huonyesha hali aliyo nayo mtu. "Mtoto amelala" si "The child has slept", bali "The child is asleep". "Amesimama" ni "He is standing", na "Nimechoka" ni "I am tired".

Tatu, sisi husema, "Ninakaa Baray tangu mwaka 2015," kwa wakati uliopo. Hapa Kiingereza ndicho kitakacho "have": "I have lived in Baray since 2015."

Je, mwanafunzi atatambuaje upesi? Ikiwa sentensi yaeleza tendo, si hali, ikanushe kwa Kiswahili. "Mwalimu amefika" hukanushwa "Mwalimu hajafika". Basi sema "The teacher has arrived". Lakini "Nimevuna wiki iliyopita" hukanushwa "Sikuvuna wiki iliyopita", si "Sijavuna". Kwa hiyo "haja-" hukupeleka kwenye "have", na "haku-" hukupeleka kwenye wakati uliopita: "I harvested last week."

Angalia pia kama kipindi kinachotajwa kimefungwa au bado ki wazi. Muhula ukiwa unaendelea, sema "I have read two books this term", kwa kuwa waweza kusoma cha tatu. Muhula ukiisha, sema "I read two books last term". Hata maisha ya mtu ni kipindi. Mwalimu Nyerere alifariki mwaka 1999; kwa hiyo twasema "Nyerere translated two plays by Shakespeare", wala hatusemi "has translated", kwa kuwa hawezi kuongeza cha tatu. Lakini mfasiri aliye hai na anayeendelea na kazi twaweza kumwambia "has translated".

Wamarekani wengi husema "Did you eat already?" mahali ambapo Waingereza husema "Have you eaten already?" Si kosa kwao, ila Kiingereza tunachofundishwa shuleni hufuata zaidi desturi ya Uingereza, nayo ndiyo ya kufuata katika mtihani.

Sasa jaribu mwenyewe kuzitia sentensi hizi katika Kiingereza: "Baba ameondoka juzi." "Mama amevaa kanga mpya." "Lori la vitunguu halijafika." Ukipata "left", "is wearing" na "has not arrived", umekwisha kuelewa.