Kalenga, Kijiji cha Mto Ruaha Mdogo

Msafiri atokaye mji wa Iringa kwa njia iendayo magharibi hufika Kalenga baada ya maili 9 hivi. Ni kijiji kidogo kando ya mto Ruaha Mdogo, ambao maji yake huingia katika Ruaha Mkuu. Asiyejua habari zake hupita pasipo kugeuza shingo. Kumbe hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya Iringa, Wahehe waliwavizia askari wa Kidachi njiani, wakamwua kamanda wao, Emil von Zelewski, na wengi waliofuatana naye. Mkwawa alijua ya kuwa Wadachi watarudi. Kalenga palikuwa na maji ya mto karibu, tena palizungushiwa ukuta mnene wa mawe. Ukuta huo waweza kuzuia mkuki na risasi, lakini mzinga ni jambo jingine. Tarehe 30 Oktoba 1894, Wadachi, wakiongozwa na Gavana von Schele, waliipiga ngome kwa mizinga, wakaingia kwa nguvu na kuiteka.

Je, vita vilikwisha? La. Mkwawa aliponyoka, akapigana porini karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, mbele zaidi katika njia ile ile ya magharibi, alijipiga risasi ili asikamatwe hai. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Udachi. Hata Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaja kwamba lirudishwe. Lakini lilirudi mwaka 1954 tu, likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Mtwa Adam Sapi. Sasa limehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho papo hapo Kalenga.

Mabaki ya ukuta yaliyosalia ni machache. Jiwe ambalo habari zake hazijulikani ni jiwe tu, na kila mtu aweza kulitumia kujengea jiko. Basi, ewe mwanafunzi, upitapo Kalenga, simama kidogo, uwaulize wazee, ukayaandike wayasemayo. Mizinga iliupiga ukuta huo. Usahaulifu waweza kuumaliza kabisa, bila kishindo.