Waogeleaji Wawili wa Timu Isiyo na Nchi

Mwezi Agosti 2016, mataifa zaidi ya 200 yaliingia uwanjani Rio de Janeiro kufungua michezo ya Olimpiki, kila moja na bendera yake. Mwishoni mwa msafara walipita wanamichezo 10 waliobeba bendera ya Olimpiki, kwa kuwa hawakuwa na nchi ya kuwakilisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa timu ya kwanza ya wakimbizi. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, hapa kwetu Kenya, na kiongozi wao alikuwa Mkenya mwenzetu, Tegla Loroupe. Waogeleaji walikuwa wawili tu, wote Wasyria: Rami Anis wa Aleppo na Yusra Mardini wa Damascus.

Rami alikimbilia Uturuki. Huko alifanya mazoezi kwa miaka kadhaa bila kuruhusiwa kushindana, kwa kuwa hakuwa raia, kisha akahamia Ubelgiji. Rio aliogelea mita 100 za mtindo huru kwa sekunde 54.25, muda bora kuliko yote aliyowahi kupata, na watazamaji wakasimama kumshangilia.

Yusra alikuwa na umri wa miaka 18. Baba yake, mwalimu wa kuogelea, aliwafunza yeye na dada yake Sara tangu utotoni. Vita viliwaharibia nyumba, na Agosti 2015 mabinti hao wakaondoka. Kutoka pwani ya Uturuki walipanda mashua ya mpira iliyofaa watu sita au saba, nayo ikapakia wapatao 20. Mtambo ukazimika baharini, na wengi waliomo hawakujua kuogelea. Yusra, Sara na wenzao wachache wakajitosa majini, wakakishika chombo kwa zaidi ya saa tatu, hadi wote wakafika salama kisiwa cha Lesbos.

Mwaka mmoja baadaye, Yusra aliongoza kundi lake la mchujo katika mita 100 za mtindo wa kipepeo. Kwa jumla alikuwa wa 41 kati ya 45, wala hakuendelea mbele. Lakini ni medali gani ipimwe na roho zile 20?

Wazazi wenzetu, sisi ni watu wa pwani. Vijana wetu wa kiume hujifunza kuogelea wenyewe ufukoni, ilhali mabinti wengi hukua wakiyatazama maji kwa mbali. Hofu yetu ni ya haki, na stara ni wajibu, lakini njia ipo. Kule Nungwi, Unguja, wasichana wamefunzwa na wanawake wenzao, wakiwa wamevaa mavazi ya kuogelea yanayositiri mwili mzima. Samaki mkunje angali mbichi. Baba wa Yusra hakujua kwamba alikuwa akiwafunza mabinti zake kuokoa watu. Nasi hatujui binti zetu watavuka maji gani.