Sumaku Inapoigeuza Kemia (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi atomu mbili za haidrojeni zinavyoungana. Kila moja huleta elektroni yake, na elektroni hizo, zikiwa na spini zinazopingana, hukaa katikati ya viini na kuvishikamanisha. Spini zikielekea upande mmoja, atomu husukumana. Leo tuangalie mahali ambapo kanuni hiyo haitoshi.

Nguvu ya uga wa sumaku hupimwa kwa tesla. Uga wa dunia yetu haufiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya tesla. Mashine nyingi za MRI hospitalini zina tesla 1.5 au 3, na maabara ya Tallahassee, Florida, imefikia tesla 45 za mfululizo. Zote hizo ni ndogo mno kwa molekuli, maana humo umeme wa viini ndio unaozitawala elektroni. Ili sumaku ishindane na umeme huo, zinahitajika takriban tesla 235,000.

Nguvu za kukaribia hapo, na hata kupita, ziko angani. Mwaka 1970 James Kemp na wenzake waligundua kwamba nyota kibete nyeupe iitwayo Grw+70°8247 ina sumaku kali. Mistari ya mwanga wake ilikuwa imewatatiza wanaastronomia tangu miaka ya 1930. Katikati ya miaka ya 1980 ikabainika kuwa ni mistari ya haidrojeni tu, iliyohamishwa mbali na mahali pake na uga wa takriban tesla 30,000. Nyota za nyutroni huzidi kiwango hicho mara maelfu.

Uga mkali hufanya mambo mawili. Kwanza, hulibana wingu la elektroni kutoka ubavuni, likawa refu na jembamba kufuata mwelekeo wa uga, na nishati yake ikapanda. Pili, elektroni nayo ni sumaku, kwa spini yake na kwa mwendo wake kuzunguka kiini. Ikielekea upande unaoafikiana na uga, nishati hushuka. Athari hii ya pili Pieter Zeeman aliiona huko Leiden mwaka 1896, katika mwanga wa sodiamu.

Uga ukizidi sana, elektroni zote mbili za haidrojeni huelekeza spini upande mmoja. Kwa kanuni ya darasani, molekuli ingevunjika. Lakini mwaka 2012 Kai Lange na wenzake, akiwemo Trygve Helgaker wa Chuo Kikuu cha Oslo, walichapisha katika jarida la Science hesabu zinazoonyesha kwamba molekuli hiyo hukaa ikiukingama uga, na haivunjiki. Obiti (yaani wingu la elektroni) ambayo kwa kawaida hutenganisha atomu hupata mzunguko unaoafikiana na uga kadiri viini vinavyokaribiana, hivyo nishati yake hushuka na atomu huvutana. Kwa njia hiyohiyo hata atomu mbili za heliamu, gesi maarufu kwa upweke, hushikamana.

Hakuna maabara duniani inayoweza kulijaribu jambo hili. Hata hivyo, hesabu hizo zimejengwa juu ya kanuni zilezile za kwanta zinazoeleza maji na chumvi. Nawasihi walimu wetu wa kemia: mnapowaambia wanafunzi kwamba heliamu haiungani, ongezeni kwamba hiyo ni kweli kwa mazingira ya dunia yetu. Kanuni za maumbile ni zilezile kila mahali. Matokeo yake hutegemea mahali.