Baiskeli ya Mlimani na Haki ya Nyumba
Mbio za baiskeli za milimani ziliingia katika Olimpiki mwaka 1996, mjini Atlanta, Marekani. Hapa Pemba, penye vilima na mabonde kila upande, mwanamichezo wa ridhaa hakosi mahali pa kufanyia mazoezi. Akosacho ni wakati. Alfajiri baiskeli ile ile, ambayo aghalabu ndiyo pekee nyumbani, yangojewa kumpeleka mtoto skuli. Jioni mke ashughulika peke yake na maji na kuni, naye bwana yu vilimani. Hatusemi mazoezi yaachwe. Twasema mke ashauriwe kwanza katika kupanga siku. Nao wakuu wa michezo wasiweke mashindano wakati wa mavuno ya karafuu, ambapo kila mkono wahitajika shambani.