Hali ya diski lengwa

Hali ya diski lengwa ni namna ya kuwasha kompyuta za Macintosh, zinazotengenezwa na kampuni ya Apple ya Marekani, ili kompyuta nzima ifanye kazi kama diski ya nje ya kompyuta nyingine. Hizo mbili huunganishwa kwa kebo, na mafaili ya moja husomwa na kunakiliwa kwenye nyingine.

Kwa kawaida kuunganisha kompyuta mbili kwa waya wa USB hakutoshi, kwa sababu kila moja hutaka kuwa mtoa amri. Katika hali hii moja hukubali kupokea amri tu. Mfumo wake wa uendeshaji hauwaki kabisa. Programu ndogo iliyomo ndani ya mashine ndiyo inayoitikia maombi ya kusoma na kuandika. Kwa hiyo kazi za mtu huweza kuokolewa hata kama mfumo umeharibika, mradi diski yenyewe ni nzima.

Njia hii ilianza mwaka 1991 kwenye PowerBook 100, kwa kebo ya SCSI. Baadaye zikaja FireWire na, kuanzia 2011, Thunderbolt. Kwenye Mac zenye kichakato cha Intel, mtumiaji hushikilia kitufe cha T anapowasha kompyuta. Hilo huweza kufanyika hata kioo kikiwa kimevunjika.

Mac zenye kichakato cha Apple, zilizotoka tangu 2020, hazina tena hali hiyo. Badala yake kuna huduma ya kushiriki diski katika menyu ya uokoaji, na kompyuta ya pili huiona diski kama seva ya mtandao kupitia itifaki ya SMB. Hapa lazima menyu ionekane.

Kwenye kompyuta nyingi za aina nyingine, fundi huichomoa diski na kuitia katika kasha la USB. Laptopu nyingi mpya za Apple haziruhusu hivyo, kwani hifadhi imeunganishwa moja kwa moja na ubao mama. Kebo ndiyo inayobaki.

Urahisi huu una hatari yake. Neno la siri la kuingilia peke yake halizuii diski kusomwa kwenye hali ya diski lengwa: aliyeshika kompyuta na kebo huweza kunakili kila kitu. Kinachomzuia ni usimbaji wa FileVault, ambao hudai neno la siri kabla diski haijafunguka, au neno la siri la programu ya ndani, ambalo huzima kitufe cha T.