Mtajie alichokifanya

"Jikaze" ni neno tunalolitoa haraka mno kazini. Aprili 2019, Butembo, mashariki mwa Kongo, mwenzangu mmoja aliambiwa hivyo kutwa, na kila siku alizidi kunywea.

Ebola ilikuwa imetangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, ikaingia Beni, kisha kwetu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya juma moja. Tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko wa Kamerun, aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, akauawa kwa risasi katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Madaktari wakaandamana kudai ulinzi.

Mwenzangu ni muuguzi mzoefu. Mshipa wa mtoto mchanga haumpigi chenga. Lakini majirani wakamwita mla pesa za Ebola, mwenye nyumba akamtaka ahame. Mikono ikaanza kumtetemeka, hasa wakati wa kuvua mavazi ya kinga. Katika kazi hii kuvua kuna hatari kuliko kuvaa: unanyunyiziwa klorini, unaosha glavu, unavua aproni, unaosha tena, unatoa miwani, unaosha tena, huku mwenzako amesimama mbali kidogo akikusomea hatua moja moja. Akaomba ahamishiwe kwenye ghala la dawa.

"Kaka, nitawaletea kifo," aliniambia.

Wapo waliomhubiria, kwa nia njema kabisa. Lakini hotuba humwongezea mzigo aliyevunjika moyo: juu ya woga anabeba na aibu ya kuogopa. Mimi nilikuwa mkuu wa zamu, nikaomba niwe msomaji wake. Sikumsifia. Alipomaliza kuvua nilimtajia nilichokiona: "Dada, umeosha glavu kabla sijakwambia." Kesho yake: "Yule mtoto aliyekuwa akitema kila kitu, kwako amemaliza kikombe kizima." Sifa za jumla mtu huzikataa kimoyomoyo. Jambo alilolitenda kwa mikono yake, tena mbele ya shahidi, atalikataaje?

Tulimpunguzia pia muda wa kukaa ndani ya wodi ya wagonjwa, na akawa anaingia pamoja na mmoja wa waliopona, wale tuliowaita washindi. Miili yao ilikuwa imekwisha pata kinga, ndiyo maana huko Beni na Butembo walipewa kazi ya kulea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Mshindi huyo alimweleza jinsi alivyolala kitandani akingoja sauti ya muuguzi fulani. Hilo hakuna mkuu wa zamu ambaye angeweza kulisema kwa niaba yake. Ombi la ghala halikurudiwa.

Agosti mwaka huo matokeo ya majaribio ya dawa yaliyoanzia Beni yalitangazwa: kwa dawa mbili bora, karibu wagonjwa 9 kati ya 10 waliowahi kufika walipona. Aliisoma habari hiyo kwa sauti mbele ya zamu nzima. Mlipuko uliisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287.

Februari 2021 Ebola iliporudi Butembo, yeye ndiye aliyewafundisha wauguzi wapya. Aliwaanzisha na kuvua. Binti mmoja alipotetemeka, alimwambia asubiri, akachukua ile karatasi ya hatua, akaanza kumsomea mwenyewe.