Historia ya Mtoto wa Kondoa Ianzie Kolo

Mtaala wa elimu ya msingi wa mwaka 2023 umewaletea wanafunzi, kuanzia darasa la tatu, somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ni hatua njema. Hofu yangu ni kwamba somo hili litaishia kwenye kukariri majina na miaka, na habari za makabila zitaishia kwenye ngoma na mavazi ya siku ya mahafali. Mtoto wa miaka tisa huielewa historia anapoiona mahali anapoishi.

Chukua Kondoa, mkoani Dodoma. Katika vilima vya Kolo na vijiji jirani kuna mapango zaidi ya 150 yenye michoro ya miambani, na UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mchoro mmoja maarufu unaonyesha watu watano warefu, wembamba, waliochorwa kwa rangi nyekundu, na wa katikati ameshikwa mikono kutoka pande zote mbili. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyenakili michoro ya eneo hili miaka ya 1950, alimwona mtu huyo kuwa mwanamke anayetekwa. Watafiti waliomfuata wakaona ngoma ya tambiko, na mchezaji aliyezidiwa akishikiliwa na wenzake. Mwalimu asikimbilie kutoa jibu. Awaulize watoto wanaona nini, kisha kila mmoja aonyeshe ni kitu gani katika mchoro kimemfanya aseme hivyo. Hiyo ndiyo kazi ya mwanahistoria, na mtoto wa darasa la nne anaiweza.

Michoro myekundu huhusishwa na wawindaji wa kale, ambao watafiti wengi wanawaona kuwa mababu wa Wasandawe na Wahadzabe. Ile myeupe ni ya baadaye, na huhusishwa na wakulima wa Kibantu. Tena mapango hayajafa: wenyeji bado hupanda hadi pango la Mungumi wa Kolo kutambika, kuomba mvua na uponyaji.

Upana wa utamaduni nao uko papo hapo. Kondoa na wilaya jirani zina Warangi, ambao ni Wabantu. Waburunge na Wasi, wenye lugha za Kikushi. Wabarabaig, ambao ni Waniloti. Na Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko, yaani sauti za kupiga ulimi. Sehemu chache sana Afrika zina mkusanyiko kama huu. Hapa mwalimu awe mwangalifu. Akieleza nani alitangulia kufika, kuna mtoto atakayemwambia mwenzake kuwa ni mgeni. Awaonyeshe mapema jinsi watu hawa walivyooana, wakabadilishana mifugo na nafaka, hata Wasi wengi leo wanazungumza Kirangi kama chao.

Kipande cha tatu cha somo kinakaa nyumbani. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kupambana na makorongo yaliyokuwa yanaila ardhi. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika. Bibi na babu wengi wanaikumbuka siku ng'ombe walipohamishwa. Mtoto aende na maswali matatu tu: mlikuwa na mifugo mingapi, mliipeleka wapi, na ardhi ilibadilikaje? Majibu yakisomwa darasani yatapishana, na kupishana huko ndiko kunakofundisha. Mwenye ng'ombe wengi na asiye na hata mbuzi hawakuuona uamuzi ule kwa jicho moja.

Walimu wakuu wa Kondoa na wilaya jirani ya Chemba, pangeni safari ya Kolo mapema katika muhula na mwasiliane na ofisi ya Mambo ya Kale iliyopo kijijini hapo, mpate mwongozaji. Waambieni watoto kabla hawajapanda kilima: wasiguse michoro, na wasiimwagie maji ili ionekane vizuri, kwa maana maji huifuta.